Sanduku la mazoezi ya laparoskopi: namna ya kulijenga Bukavu na kupima mikono kwa haki

Laparoskopi ni upasuaji wa tumbo kupitia matundu madogo, kwa kutazama picha ya kamera. Ukisukuma mpini wa chombo chake kulia, ncha ndani ya tumbo huenda kushoto. Ukiuinua mpini, ncha hushuka. Chombo kinapita kwenye tundu la ngozi, na tundu hilo ndilo egemeo la wenzo. Juu ya hayo, mpasuaji anatazama skrini bapa isiyomwonyesha kina, na vidole vyake haviishiki nyama bali ufito wa chuma wa sentimita 33 hivi. Mwendo uliogeuzwa, kina kilichopotea, mguso uliofifia: haya hayazoeleki kwa kusoma. Ubongo huyazoea kwa kurudia mara mamia, na marudio ya mwanzo hayana sababu ya kufanyika juu ya mgonjwa.

Laparoskopi si habari ya mbali kwa watu wa Bukavu. Katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mpasuaji wa Brussels Guy-Bernard Cadière ameifanya bega kwa bega naye. Lakini asistanti, yaani daktari anayesomea upasuaji, akisimama pembeni na kushika kamera anajifunza kutazama tu. Kushona anapaswa kukujifunzia kwingine, kabla zamu yake haijafika.

Mwaka 2002 timu ya Chuo Kikuu cha Yale iliyoongozwa na Neal Seymour ilichapisha jaribio la asistanti 16. Waliotangulia kufanya mazoezi kwenye mashine ya kompyuta walitenganisha kibofu cha nyongo na ini kwa muda pungufu kwa asilimia 29, na uwezekano wao wa kukosea ulikuwa mdogo mara sita. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni hili: hawakuambiwa wafanye mazoezi saa fulani. Waliendelea mpaka wakafikia kiwango cha wapasuaji wazoefu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kanuni hiyo. Sanduku bila daftari la vipimo ni mchezo, hata liwe la bei gani.

Kujenga sanduku

Tafuta sanduku la plastiki lisiloonyesha ndani, la sentimita 40 kwa 30, kina sentimita 18. Kwenye soko la Kadutu yapo ya kila rangi. Chukua jeupe au la kijivu, kwa sababu rangi nyekundu au bluu huchafua rangi ya picha. Lisiwe angavu: mwanafunzi akiweza kuchungulia ubavuni, atachungulia, na mazoezi yote yatakuwa yamepotea bure.

Kifuniko cha plastiki hakifai, kinanepa. Mwambie fundi mbao akate ubao wa tripleksi wa milimita 6 unaokaa juu ya sanduku bila kucheza. Chini ya sanduku weka ubao mzito wa unene wa sentimita 3. Huo ndio sakafu ya mazoezi, na uzito wake unazuia sanduku lisitembee mezani. Ukuta wa mbali na mwanafunzi ukatwe dirisha la sentimita 25 kwa 12 la kupitishia mkono unapobadilisha zoezi, kisha ulifunike kwa kitambaa cheusi.

Sasa vipimo vya matundu. Hapa usikadirie kwa macho.

1. Chora mstari wa katikati ya kifuniko, kutoka upande wa mwanafunzi kwenda upande wa mbali.
2. Pima sentimita 11 kutoka ukingo wa mwanafunzi, chora mstari wa kukatiza. Juu yake toboa matundu mawili ya milimita 25, kila moja sentimita 7.5 kutoka mstari wa katikati. Kati yao kuna sentimita 15.
3. Kwenye ubao wa sakafu weka alama ya shabaha juu ya mstari wa katikati, sentimita 16 kutoka ukingo wa mwanafunzi, yaani sentimita 5 mbele ya matundu.
4. Kamera ifungwe chini ya kifuniko juu ya mstari wa katikati, sentimita 5 kutoka ukingo wa mwanafunzi. Iinamishe mpaka alama ya shabaha iwe katikati ya picha.

Kwa vipimo hivi, zoezi likiinuka sentimita 2 hivi juu ya ubao wa sakafu, umbali kutoka tundu mpaka shabaha ni karibu sentimita 16, na vyombo viwili vinakutana kwa pembe ya digrii 57 hivi. Pembe inayotafutwa ni digrii 60. Chini ya 45 vyombo vinagongana kama panga, na ikizidi sana mikono inatanuka na mabega kuchoka. Zaidi ya hayo, chombo cha sentimita 33 kinakuwa nusu ndani, nusu nje, hivyo ncha inatembea sawasawa na mpini. Sehemu ya ndani ikiwa ndefu kuliko ya nje, kila tetemeko la mkono linakuzwa.

Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye masanduku ya kujitengenezea ni kamera iliyowekwa upande wa mbali ikimtazama mwanafunzi. Picha inakuwa imegeuka, na mtu anajifunza mwendo ambao hataukuta tena popote. Kamera itazame kule anakotazama mpasuaji.

Matundu yafunikwe kwa upande wa chini na vipande viwili vya mpira wa ndani wa tairi la gari, kila kimoja kikiwa na mkato wa milimita 6, mikato ikikatizana kama msalaba. Jaribu hivi: pitisha chombo wima, kiachie. Kinatakiwa kishuke polepole kwa uzito wake. Kikikwama, ongeza mkato milimita moja. Mpira unaobana sana unachosha mkono. Kikianguka papo hapo, egemeo linaelea, nawe badilisha mpira.

Kamera, mwanga na skrini

Kamera ya kompyuta ya waya wa USB yenye picha 30 kwa sekunde inatosha. Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni fokasi: kamera nyingi za bei nafuu zimewekewa fokasi ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, na kwa sentimita 18 picha huwa na ukungu. Nunua ile ambayo lenzi yake inazungushwa kwa mkono. Kama fokasi ni ya kujirekebisha yenyewe, izime kwenye programu, la sivyo kila chombo kikipita mbele picha itapotea sekunde nzima.

Wa pili ni ucheleweshaji. Simu inayotuma picha kwa Wi-Fi inavutia kwa kuwa kila mtu anayo, ila picha hufika imechelewa, na mkono hujifunza kungoja. Pima: washa saa ya kuhesabu kwenye simu, iweke ndani ya sanduku, halafu kwa simu nyingine piga picha moja inayoonyesha saa yenyewe pamoja na skrini. Tofauti ya namba mbili ndiyo ucheleweshaji. Ikizidi sehemu ya kumi ya sekunde, rudi kwenye waya.

Taa ndogo za LED za volti 5 zinazotumia betri ya kuchajia simu zibandikwe pande zote mbili za lenzi, zikifunikwa karatasi nyeupe nyembamba ili chuma kisimetemete. Mwanafunzi mpya hupenda taa ya ubavuni kwa sababu kivuli kinamwonyesha kina. Mnyime kivuli hicho mapema: katika laparoskopu ya kweli mwanga hutoka kando ya lenzi yenyewe, na vivuli karibu hamna. Kwa kuwa kompyuta ya mapajani na taa vina betri, shirika la umeme SNEL likikata umeme, mazoezi yanaendelea.

Skrini iwe mbele kabisa ya mwanafunzi, umbali wa mita moja hivi, chini kidogo ya usawa wa macho. Meza iwe fupi kiasi kwamba mipini inakaa usawa wa kiwiko au chini yake kidogo. Kwa watu wengi meza ya kawaida ya ofisi ni ndefu mno ukishaweka sanduku juu yake. Anayefanya mazoezi mabega yakiwa yamepanda atalalamika shingo baada ya dakika 20, naye atadhani tatizo ni laparoskopi.

Vyombo vinne vya milimita 5 vinatosha: makoleo mawili ya kuchambulia yenye ncha iliyopinda, mkasi, na kishika sindano; fundo la nje tu ndilo litahitaji pia kisukuma fundo. Hivi ndivyo ghali. Njia ya kawaida ni kuomba vilivyostaafishwa na chumba cha upasuaji. Mara vikiingia kwenye sanduku, vipake rangi nyekundu mpinini, vikae kabati lake, visirudi kwa mgonjwa hata siku moja. Ngozi ya plastiki inayozuia umeme kwenye ufito ikiwa na mpasuko mdogo kama nywele, umeme wa kuchomea unaweza kuunguza utumbo mahali ambapo kamera haifiki.

Mazoezi matano

Hatukubuni mtaala mpya. Mtihani wa FLS (misingi ya upasuaji wa laparoskopi) wa chama cha wapasuaji cha Marekani SAGES, uliotoka mwaka 2004, ulitokana na kazi ya Gerald Fried na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal. Una mazoezi matano, na viwango vya umahiri vilivyochapishwa mwaka 2007 na Ritter na Scott ndivyo tunavyovitumia hapa kama shabaha.

Kuhamisha pete. Ubao wenye vijiti 12, sita kushoto na sita kulia. Vijiti ni misumari ya milimita 4 isiyo na vichwa, ikijitokeza milimita 25. Pete sita ni vipande vya bomba la kumwagilia bustani, urefu milimita 15. Mwanafunzi anainua pete kwa mkono dhaifu, anaikabidhi hewani kwa mkono wa pili, anaivika upande mwingine; zikiisha sita, anazirudisha kwa kinyume. Shabaha ni sekunde 48 bila pete kuanguka nje ya uwanja. Makosa huanzia hewani: mtu anaachia koleo la kwanza kabla la pili halijabana. Mwambie asikie mbano kwanza, ndipo aachie.

Kukata duara. Kompresi ya sentimita 10 kwa 10 yenye tabaka mbili, imebanwa kwa vibanio vya nguo, duara limechorwa kwa kalamu ya wino mzito. Shabaha ni sekunde 98, mkato usitoke zaidi ya milimita 2 kwenye mstari. Zoezi hili linaonekana la mkasi. Kwa kweli ni la mkono wa pili. Ukivuta kompresi vizuri na kubadilisha upande wa kuvuta kila robo ya duara, mkasi unapita wenyewe. Asiyevuta anatafuna nyuzi.

Kufunga kitanzi. Kidole cha glavu kilichojazwa pamba kinasimama badala ya kidole tumbo, na mstari wa wino sentimita moja kutoka shina. Kitanzi unaweza kukifunga mwenyewe kwa fundo la Roeder: fundo moja la kawaida, mizunguko mitatu kuzunguka nyuzi zote mbili, kisha fundo nusu la kufungia. Fundo hili lilibuniwa kwa uzi wa utumbo, ambao huvimba ukilowa na kujibana. Usitegemee likae kwenye uzi laini wa nailoni. Shabaha ni sekunde 53, kosa lisizidi milimita 1.

Fundo la nje, ambapo uzi wa sentimita 90 unafungwa nje ya sanduku na kusukumwa ndani kwa kisukuma fundo, mara tatu. Shabaha sekunde 136. Wengi hulifikia bila shida kubwa.

Fundo la ndani. Hapa ndipo mtu huvunjika moyo, basi tukae kidogo. Uzi wa hariri 2-0, ukate ubaki sentimita 15. Ukiwa mrefu zaidi utajaza skrini na kujizungusha kwenye kila kitu. Kwa tishu tumia glavu mbili zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, zikiwa na mpasuko wa sentimita 2 na nukta mbili za wino, moja kila upande. Mpira wa baiskeli ni mgumu mno, hupinda sindano.

Sindano iingizwe kwa kushika uzi, si sindano yenyewe, sentimita 2 nyuma yake. Ndani, iweke sakafuni, ishike kwa kishika sindano theluthi mbili kutoka ncha, wima kabisa juu ya ufito. Kama imelala, usiipigishe mieleka: mkono wa pili uvute uzi kidogo, sindano itajigeuza yenyewe. Pitisha kwa kuzungusha kiganja, ukifuata mviringo wa sindano. Anayesukuma mbele anachana tishu.

Vuta uzi mpaka mkia mfupi ubaki sentimita 2. Hiki ndicho kipimo kinachoamua yote. Mkia mrefu hautoki kwenye mzunguko, nawe utauvuta bila mwisho. Mkia mfupi kuliko sentimita moja unachomoka fundo likiwa nusu. Kisha laza uzi mrefu uwe kama herufi C juu ya tishu, weka koleo ndani ya C, na uuzungushe uzi kwenye koleo mara mbili. Wanaoshindwa hapa huwa wanazungusha koleo kwenye uzi, mbali na tishu, mpaka mizunguko inateleza. Zungusha karibu na mkia, kisha funga na ushike mkia kwa mwendo mmoja mfupi. Fundo la kwanza ni la mizunguko miwili, likifuatwa na mawili ya mzunguko mmoja, kila moja likivutwa kwa upande ulio kinyume na lililotangulia ili fundo likae mraba. Shabaha ni sekunde 112, nukta zisikosewe zaidi ya milimita 1, na fundo lisiteleze likivutwa.

Kamera nayo ina zoezi lake. Bandika herufi ndogo kwenye kuta za sanduku, mpe mwanafunzi kamera ya pili kwenye kijiti, azisome kwa mpangilio utakaompa huku picha ikibaki mlalo. Dakika tano kila siku zinatosha.

Ratiba na alama

Dakika 40, mara tatu au nne kwa wiki, zinashinda Jumamosi nzima. Mkono hujifunza hata wakati wa kupumzika kati ya siku na siku, na baada ya saa moja makosa huanza kuongezeka. Siku ya kwanza kabisa rekodi video ya mazoezi yote matano bila kufundisha lolote. Bila kipimo hicho cha mwanzo hutajua mtu ametoka wapi.

Alama ya kila zoezi huhesabiwa kwa kutoa muda na makosa kwenye muda wa juu unaoruhusiwa: sekunde 300 kwa pete na kwa duara, 180 kwa kitanzi, 420 kwa fundo la nje, 600 kwa fundo la ndani. Kwa pete tunapendekeza kutoa 10 kwa kila iliyoanguka nje. Aliyemaliza kwa sekunde 95 na kuangusha moja anapata 300 − 95 − 10, yaani 195. Fundo likiteleza au mpasuko ukichanika, alama ni sifuri, hata kama muda ulikuwa mzuri sana. Usilegeze hapo. Fundo linaloteleza ndani ya sanduku litateleza kwenye mshipa wa damu.

Kufaulu mara moja hakutoshi. Kwenye pete, kwa mfano, kiwango kilichochapishwa kinadai kuifikia shabaha mara mbili mfululizo, kisha mara kumi nyingine zisizolazimika kufuatana. Na kama hospitali yenu ina wapasuaji watatu au wanne wazoefu, waombeni kila mmoja afanye kila zoezi mara tano kwenye sanduku lenu hilo hilo, mchukue wastani wao. Sanduku lililojengwa kwa mkono halifanani kabisa na la mtihani, na shabaha ya nyumbani ni ya haki zaidi.

Muda hauonyeshi kila kitu. Mtu anaweza kuwa mwepesi na mkatili kwa tishu. Kwa hiyo ongeza kipimo cha GOALS, kilichochapishwa na Vassiliou na wenzake wa McGill mwaka 2005. Kina vipengele vitano: kukadiria kina, ushirikiano wa mikono miwili, ufanisi wa mwendo, upole kwa tishu, na uwezo wa kujitegemea. Kila kimoja hupewa 1 hadi 5, jumla 5 hadi 25. Anayepita mbele ya shabaha na kurudi mara kwa mara ni 1 kwenye kina. Anayeifikia moja kwa moja ni 5. Anayetumia mkono mmoja huku wa pili ukining'inia ni 1 kwenye ushirikiano.

Wapimaji wawe wawili, kila mmoja peke yake. Watazame video ya ndani ya sanduku, isiyo na sura wala sauti, iliyoandikwa namba tu. Hili lina uzito mkubwa katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake: mtoto wa profesa, shemeji wa daktari mkuu, asistanti aliyegombana na mtu jana, wote wanakuwa mikono miwili tu kwenye skrini. Wapimaji wakitofautiana zaidi ya alama 3 kwenye jumla, wakae pamoja waangalie tena, waandike sababu ya tofauti. Kabla ya kuanza, wafanyie mazoezi video tano za zamani mpaka wakubaliane alama ya 3 inafananaje.

Mwanafunzi aambiwe matokeo siku hiyo hiyo, kwa jambo moja la kurekebisha, si saba. Miezi mitatu baadaye apimwe tena, kisha miezi sita. Fundo la ndani ndilo husahaulika kwanza.

Kutoka mpira kwenda nyama

Aliyefikia shabaha zote tano aende kwenye ini la mbuzi likiwa na kibofu chake cha nyongo. Mwambie mchinjaji mapema, maana kwa kawaida hukikata na kukitupa. Hapa unapima pia akili. Kabla ya kukata chochote, mwanafunzi aonyeshe mambo matatu yaliyoelezwa na mpasuaji Strasberg mwaka 1995: pembetatu kati ya ini na mfereji wa nyongo imesafishwa mafuta na nyuzi, theluthi ya chini ya kibofu imetenganishwa na kitanda cha ini, ni vitu viwili tu, si vitatu, vinavyoingia kwenye kibofu. Asimame, atoe mikono, aeleze. Asiyeweza kueleza hakati.

Vyombo vya nyama visichanganywe na vya mpira. Baada ya zoezi visugue kwa sabuni, vilowe kwenye javeli, yaani maji ya klorini, ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, visuuzwe kwa maji safi na kukaushwa. Vikilala humo usiku kucha vitaliwa na kutu.

Zoezi la umeme kukatika

Hili lifanywe na timu nzima, si mpasuaji peke yake: mwenye kamera, muuguzi wa vyombo, mtaalamu wa usingizi. Weka nyama sandukuni, acha kazi iendelee, kisha bila kuonya mtu zima skrini na taa za chumba.

Mpasuaji anasema kwa sauti "simama", na vyombo vinabaki palepale vilipo. Hakuna kuchomoa chochote gizani, kwa sababu koleo lililobana utumbo likivutwa linauchana. Mtaalamu wa usingizi anataja mapigo, shinikizo na kama mashine ya hewa inafanya kazi. Muuguzi anavaa tochi ya kichwani, ambayo lazima iwe imetundikwa mahali pamoja siku zote, na anafungua seti ya kupasulia tumbo. Mpasuaji anasema kilichokuwa mikononi mwake wakati picha ilipopotea: nimeshika nini, damu ilikuwa inatoka au la. Kama ilikuwa inatoka, tumbo linafunguliwa bila kungoja jenereta. Kama haikuwa inatoka, mnangoja kwa muda mliokubaliana kabla ya operesheni, gesi iliyojazwa tumboni ikitolewa.

Mpimaji mmoja asimame mlangoni na saa. Aandike sekunde mpaka neno "simama", sekunde mpaka tochi iwake, sekunde mpaka kisu kiwe mkononi, na nani aligusa chombo bila kuambiwa. Mara ya kwanza tochi huwa haina betri. Andikeni na hilo, na jina la kazi ya atakayeikagua kila asubuhi.